Chanjo iliyoharibika haina harufu

Leo siandiki kuhusu ugonjwa wala malisho. Naandika kuhusu jambo ambalo wengi wetu hatulitazami kabisa: joto la mahali chanjo na dawa zinapokaa kabla hazijamfikia mnyama.

Maziwa yakichacha utayajua kwa pua. Nyama ikioza nzi watakuita. Chanjo iliyoharibika kwa joto haina harufu, na mara nyingi hata rangi haibadiliki. Kichupa ni kilekile, lebo ni ileile, tarehe ya kuisha bado iko mbali. Unamdondoshea kuku tone kwenye jicho, unaandika kwenye daftari kwamba amechanjwa, unalala usingizi. Kumbe kuku hajapata kitu. Utakuja kujua siku ugonjwa ukibisha hodi.

Mimi ni afisa mifugo wa kata hapa Maganzo, wilaya ya Kishapu. Watu wananiita bwana mifugo. Kwenye begi langu la kazi kuna vitu vitatu ambavyo siachi nyumbani: bomba la sindano, daftari na kipimajoto. Kipimajoto ndicho kinachowashangaza watu zaidi. Wanadhani ni cha kumpima ng'ombe homa. Ninacho cha homa pia, lakini hiki ninachosema ni cha kupima boksi na friji.

Kuku wa mayu mmoja

Katika kitongoji kimoja si mbali na Maganzo mjini yupo mama mtu mzima, mjane, anayelea wajukuu watatu. Ng'ombe hana. Mtaji wake ni kuku wa kienyeji. Daftari za shule, sare, sabuni na chumvi vyote vinatoka bandani. Kikundi chao cha akina mama kilichanga fedha kikanunua chanjo ya mdondo dukani, kijana mmoja wa kitongoji akawachanjia. Walifanya kila kitu tunachowafundisha kwenye mikutano.

Wiki kadhaa baadaye mdondo uliingia. Kuku walianza kuharisha kijani, shingo zikapinda, wakafa mmoja baada ya mwingine. Mayu alikuwa na kuku 31. Nilipofika walikuwa wamebaki 4.

Nilimsalimia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia kwa upole kama kawaida yake, akanipa kigoda, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu bwana mifugo, mwaka jana sikuchanja, wakafa. Mwaka huu nimechanja, wamekufa. Tofauti ni kwamba safari hii nimelipa."

Hakuniuliza swali. Alinipa hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nilitaka kujua kilichotokea. Kuku waliochanjwa wanaweza kufa kwa sababu nyingi. Pengine ugonjwa ulikuwa umeshaingia bandani kabla ya tone la kwanza, kwa sababu kinga haijengeki siku ileile. Pengine tone halikuingia jichoni. Pengine walichanjwa mara moja tu, nasi tunashauri chanjo irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Niliuliza yote hayo. Tarehe zilikaa sawa, kijana alijua kazi yake, kuku walionekana wazima siku ile. Basi nikauliza, kichupa kiko wapi? Kilishatupwa. Kilikaa wapi kabla ya kununuliwa? Dukani. Dukani kulikuwa na joto gani? Hapo kila mtu alinyamaza. Hakuna aliyeandika.

Ndugu msomaji, hapo ndipo tatizo lilipo. Pasipo kumbukumbu ya joto, kila mtu anabaki na lawama na hakuna mwenye ushahidi. Mama anamlaumu bwana mifugo, bwana mifugo anamlaumu mchanjaji, mchanjaji anamlaumu mwenye duka, mwenye duka analaumu kiwanda. Na mwisho wa yote wanaolaumiwa ni chanjo yenyewe. Msimu uliofuata mayu alifungia kuku wake ndani nilipopita. Majirani zake wanne nao wakafunga. Hasara ya kuku 27 inaweza kulipwa kwa mwaka mmoja. Kuirudisha imani kulichukua muda mrefu zaidi.

Usiku tatu ndani ya friji

Nilimwendea mwenye duka. Sitamtaja, wala sioni sababu ya kumtaja, kwa kuwa friji kama lake lipo katika kila mji mdogo kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza. Ni kijana mchapakazi. Friji ni moja: chini soda na maji ya kuuza, juu chanjo ndani ya mfuko wa plastiki. Maganzo ni mji wa wachimbaji na wapita njia. Jua likiwaka, mtu mwenye vumbi la machimbo mwilini anataka maji baridi, si maelezo. Mlango wa lile friji ulikuwa unafunguliwa kutwa nzima.

Nikamwomba aniruhusu niache kipimajoto changu humo kwa usiku tatu. Ni kile kinachokumbuka kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa tangu ulipokiwasha. Alikubali.

Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Baada ya siku tatu kipimajoto kilikuwa na namba mbili: juu kabisa nyuzi 23, chini kabisa nyuzi 1 chini ya sifuri. Yaani chanjo ileile ilipata joto, tena ikaganda.

Tulikaa tukaelewana jinsi ilivyotokea. Usiku alikuwa anazima friji ili uniti za LUKU zisiishe. Asubuhi anawasha na kuzungusha kitufe hadi mwisho ili soda zipoe haraka kabla wateja hawajajaa. Mfuko wa chanjo ulikuwa umegusa ukuta wa sehemu ya barafu. Kwa soda, mpango huo ni mzuri kabisa. Kwa chanjo ni kifo cha pande mbili.

Aliniambia, "Mkuu, mimi najua friji ni friji. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba usiku una shida." Nilimwamini. Tulipozitenga zile chanjo ili zisiuzwe, alizihesabu mara mbili, maana zilikuwa fedha zake. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba kichupa cha mayu kiliharibikia pale, kwa sababu kichupa hakipo tena. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu siku ile soda zimehamia kwenye boksi la barafu nje, friji halizimwi, na ndani kuna kipimajoto chenye karatasi pembeni.

Hiyo karatasi ndiyo iliyomrudisha mayu. Sikumhubiria. Nilimpeleka dukani, nikampa kipimajoto akisome mwenyewe, nikamwonyesha siku zilizoandikwa. Akauliza, "Na siku umeme ulipokatika?" Tukamwonyesha mstari wa siku hiyo, pamoja na saa ulipokatika na saa uliporudi. Akanyamaza kidogo, akafungua fundo la kanga.

Kila chanjo na tabia yake

Kosa tunalolifanya wengi ni kudhani chanjo zote ni sawa, na kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo inavyokuwa salama. Sivyo.

Chanjo hai za unga mkavu, kama ya homa ya mapafu ya ng'ombe na ya sotoka ya mbuzi na kondoo, adui yake mkubwa ni joto na jua. Ukishauchanganya unga na maji yake, saa inaanza kukimbia. Soma kipeperushi kilichomo, lakini kwa kawaida ni suala la saa moja au mbili, tena kichupa kikiwa kwenye baridi. Usichanganye dozi 100 wakati walioko mazizini ni ng'ombe 40 na wengine bado wako malishoni.

Chanjo za maji zilizouawa kiwandani, kama nyingi za ugonjwa wa miguu na midomo na za chambavu, adui yake mbaya zaidi ni kuganda. Zikiganda dawa inajitenga na kile kinachoibeba, na hata ukiziyeyusha hazirudi kama zilivyokuwa. Ukiona mabonge, au tabaka lililojitenga ambalo halichanganyiki ukitikisa, usiitumie. Lakini usisubiri kuona. Nyingine zinaharibika kimyakimya.

Chanjo ya mdondo aina ya I-2, ambayo hapa nchini inatengenezwa Kibaha kwa jina la TEMEVAC, ni ngumu zaidi kuliko ndugu zake. Kirusi chake kilichaguliwa huko Australia kwa sababu kinastahimili joto, na utafiti ulionyesha kwamba ikikaushwa vizuri inaweza kubaki na nguvu kwa wiki nane kwenye nyuzi 28. Ilikusudiwa vijiji visivyo na friji, kama vyetu. Ila kustahimili si kutokufa. Nyuzi 28 ni joto la kivulini. Chini ya bati, saa nane mchana mwezi wa kumi, ni habari nyingine kabisa. Tena chanjo nyingine za mdondo zinazouzwa madukani si I-2, na hizo hazina ugumu huo. Uliza unanunua ipi.

Na kuna chanjo ya ndigana kali, ambayo inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hiyo mwachie mtaalamu mwenye mtungi wake. Mtu akikuletea chanjo ya ndigana ndani ya chupa ya chai, mpe maji ya kunywa na umuage.

Dawa za kawaida nazo zina mipaka. Tazama minada yetu: chupa za oksitetrasaiklini zimepangwa juu ya turubai, jua la saa sita linazipiga, na lebo inasema zihifadhiwe mahali pa baridi na giza, nyingi chini ya nyuzi 25 au 30. Dawa iliyopungua nguvu inampa mnyama nusu ya tiba, na vijidudu vinavyobaki hai vinajifunza kuizoea. Ndio usugu wa dawa tunaoulalamikia.

Njiani ndiko chanjo nyingi zinakofia

Friji zuri halisaidii kama safari ni mbaya. Niliwahi kwenda stendi kupokea boksi la chanjo lililotumwa kwa basi kutoka mjini. Kondakta alilitunza vizuri sana kwa kadiri alivyoelewa: aliliweka mbele, karibu na dereva, lisiibiwe. Mahali hapo ni juu ya injini. Nilipoingiza kipimajoto mle ndani kilisoma nyuzi 26, na barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Sikuipokea. Tangu hapo naandika kwa kalamu nene juu ya kila boksi, "CHANJO. USIWEKE KWENYE INJINI WALA JUANI," na nampigia simu kondakta kabla gari halijaondoka.

Upande wa pili wapo wanaotoa barafu kwenye friza ikiwa ngumu kama jiwe, wanazipanga na vichupa juu yake, kisha wanafunga. Nusu saa baadaye kichupa kilichogusa barafu kimeganda. Toa pakiti za barafu kwanza, ziache nje kivulini mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Hapo ziko kwenye nyuzi sifuri, si chini yake. Weka kadibodi au kitambaa kati yake na vichupa.

Na kama huna boksi kabisa na unabeba I-2 kwa baiskeli, funga kichupa kwa kitambaa kilicholowa maji, kiweke kwenye kikapu kinachopitisha hewa, kikae kivulini. Maji yanapokauka yanaondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa nyumbani. Lowesha tena kila kitambaa kinapokaribia kukauka. Usiweke mfukoni: mwili wako una nyuzi 37.

Baridi iliyoshinda sotoka

Wapo wanaoniambia mambo ya nyuzi ni ya maofisini. Nawakumbusha sotoka ya ng'ombe. Wazee wa Usukuma walisimuliwa na wazee wao jinsi ilivyofagia mazizi miaka ya 1890. Chanjo nzuri ilipatikana Muguga, Kenya, kwa kazi ya Walter Plowright katika miaka ya 1950 na 1960. Ilikinga vizuri, lakini ilihitaji baridi, na maeneo yaliyobaki na ugonjwa yalikuwa ndiyo yale yasiyo na umeme wala barabara. Baadaye Jeffrey Mariner na wenzake walibadilisha namna ya kuikausha, ikaweza kukaa hadi siku 30 bila friji. Hapo ndipo wafugaji waliofundishwa katika jamii zao, Karamoja na Sudan ya Kusini na kwingineko, waliweza kuibeba kwa miguu hadi kwenye makambi ya ng'ombe. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe imetoweka, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui.

Dawa ya kuukinga ugonjwa ilikuwepo miaka mingi kabla. Kilichobaki kilikuwa kuifikisha ikiwa hai.

Nasi sasa tuko kwenye kazi kubwa. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo pale Bariadi, kwa jirani zetu wa Simiyu, na Serikali inachangia gharama. Chanjo itapita katika mikono mingi kabla ya kufika kwenye zizi lako. Kila mkono ni nafasi ya kuiokoa au kuiua.

Ninachowaomba mfanye

Mfugaji:

1. Kabla ya kulipa, omba kuona chanjo inapokaa. Uliza, "Hapa kuna nyuzi ngapi?" Huna haja ya kugombana. Swali likiulizwa na wateja kumi, kipimajoto kitanunuliwa.
2. Nenda na chombo chenye baridi. Nunua asubuhi, siku utakayochanja.
3. Kabla hujaruhusu mnyama achomwe, mwombe mchanjaji afungue boksi uone. Mwenye kazi safi hatakasirika.
4. Usitupe kichupa. Kihifadhi mbali na watoto mpaka miezi mitatu ipite, na uandike namba ya toleo na tarehe. Ng'ombe au kuku wakiugua, hicho ndicho shahidi wako.

Mwenye duka:

1. Friji la chanjo lisiwe la soda wala la nyama. Kama huna uwezo wa mawili, usiuze chanjo. Muelekeze mteja kwa mwenzako.
2. Nunua kipimajoto kinachokumbuka juu na chini. Bei yake ni kama ya kuku wawili au watatu. Kisome asubuhi na jioni, uandike namba zote mbili, kisha ukianzishe upya.
3. Chanjo zikae katikati ya friji, si mlangoni wala kando ya barafu. Jaza chupa za maji kwenye nafasi tupu. Umeme ukikatika zitashikilia baridi kwa saa kadhaa, na wewe usifungue mlango.
4. Joto likivuka nyuzi 8 au likishuka chini ya 2, tenga chanjo hizo na unipigie kabla ya kuuza. Kunipigia si kujishitaki.

Mchanjaji:

1. Fanya kazi alfajiri, chini ya mti, boksi limefungwa. Toa kichupa kimoja tu kwa wakati mmoja.
2. Mabomba na sindano za chanjo hai zichemshwe kwa maji na kupoa. Usizioshe kwa spiriti wala dawa ya kuua vijidudu. Inaua chanjo pia.
3. Kichupa kilichofunguliwa hakirudi nyumbani. Kilichobaki kiharibiwe kwa moto siku hiyohiyo, na kichupa kitupu chenye lebo umwachie mfugaji.

Ukienda zahanati na mtoto, mwombe muuguzi akuonyeshe kichupa cha chanjo. Kwenye vingi utaona alama ndogo, mraba ndani ya duara. Mraba unaanza mweupe na unakuwa mweusi kadiri chanjo inavyopigwa na joto. Ukilingana rangi na duara au ukiuzidi weusi, chanjo hiyo haitumiki. Kichupa kinajisemea chenyewe. Chanjo nyingi za mifugo tunazopokea hazina alama hiyo, kwa hiyo badala yake lazima paandikwe: tarehe, saa, nyuzi, sahihi.

Wiki ijayo nitakuwa na kipimajoto changu siku ya mnada. Mwenye duka anayetaka nimwachie kwa usiku tatu aje tupange zamu, ni bure. Wafugaji nao wanakaribishwa kuja kujifunza kukisoma. Kuna namba mbili tu, ya juu na ya chini.